Karani Aliyeniandika Mtu wa Migodini

Kwa miaka mitatu, kwenye maandishi ya serikali, mimi nilikuwa mtu wa migodini. Sijawahi kushuka shimoni hata siku moja. Karibu kabisa niliyowahi kufika na shimo ni mita mbili kutoka mdomoni pake, na hapo nilikuwa nimekumbatia nguzo. Mimi nashona. Nina cherehani tatu, mkasi mkubwa mmoja, mikasi midogo ambayo nikihesabu asubuhi ni minne na jioni ni mitatu, na wanawake wanne wanaojua kupitisha sindano kwenye turubai bila kujitoboa. Tunashona mipira ya hewa: yale mabomba mapana ya turubai, yenye ringi za waya ndani, yanayofungwa kwenye feni juu ya shimo na kushushwa chini ili walioko huko wapumue. Hiyo ndiyo kazi. Ni ushonaji. Mlete mtoto wa darasa la pili karakanani kwangu, atakwambia ni ushonaji.

Aliyeniandika mtu wa migodini hakuwa mtoto wa darasa la pili. Alikuwa na akili kuliko wote niliowahi kukaa nao meza moja hapa Segese, na ndiyo maana hasira yangu haijapoa. Mjinga angenikosea, ningekuwa nimeshamsahau kabla sijavuka barabara. Huyu alijua. Nilichotaka kwake kilikuwa kidogo tu: abadilishe tarakimu nne ili karakana yangu iliyofungwa ifunguliwe. Nne. Nimezihesabu mara mbili.

Tulimwita Karani. Alikuwa karani wa kata, akastaafu, akaweka meza kwenye kibaraza cha steshenari karibu na kijiwe cha bodaboda, akaanza kuwajazia watu fomu za kuandikisha biashara. Jina lake liko kwenye karatasi zangu, lakini silitaji. Mwenyewe hakupenda litajwe ovyo, na mimi nikianza kulitaja nitaongezea na mengine.

Kwa asiyejua: ukiandikisha biashara siku hizi kwa mtandao, haitoshi kuandika "duka" au "mgahawa". Unatakiwa uchague tarakimu nne kutoka kwenye orodha ndefu ya shughuli zote ambazo binadamu anaweza kufanya ili ale. Kulima mpunga kuna tarakimu zake. Kuzika watu kuna zake. Zikishaingia, zinakufuata kama kivuli: leseni inakatwa kwa kuziangalia, mkaguzi anakuja kwa kuziangalia, zabuni unapewa au unanyimwa kwa kuziangalia. Ukikosea hapo umekosea kila mahali, na kosa lenyewe lina muhuri.

Karani alikuwa na orodha hiyo yote. Alikuwa ameichapisha, akaifunika kwa plastiki ukurasa kwa ukurasa, akaifunga kwa kamba ya kiatu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shati la mikono mirefu hata Oktoba jua linapokausha mate mdomoni. Kila kitu alikipigia mstari kwa rula. Sahihi yake mwenyewe aliipigia mstari kwa rula. Jumapili kanisani alikuwa akitoa penseli na kusahihisha karatasi ya matangazo, kisha anamrudishia katibu wa parokia bila neno, kama mwalimu anayerudisha daftari. Wanawake wote alituita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wasichana ambao bado walikuwa wanatafuta mchumba.

Kitu kimoja kilimtofautisha na wajaza fomu wengine wote, na nakisema ingawa kinaniuma. Hakujaza fomu kwa maneno ya mtu. Ukienda mezani kwake ukasema "nataka kuandikisha biashara," hakukuuliza biashara gani. Alikuuliza iko wapi. Kesho yake anakuja na baiskeli, kigoda cha kukunja kimefungwa nyuma, anakaa pembeni tangu unapofungua mpaka saa saba, anachora vijiti kwenye daftari: nani kaingia, kanunua nini, kimetengenezwa hapo au kimeletwa. Chai hakunywa.

"Chai ya mteja ina maelekezo ndani yake," alisema.

Mama mmoja alikuwa akiuza supu ya makongoro kandokando ya barabara ya kwenda Bulyanhulu, wateja wake wakiwa waendesha pikipiki na watu wanaotoka zamu. Alitaka aandikwe hoteli. Alishachora na kibao. Karani akakaa pale asubuhi nzima, akavuta supu kwa pua tu, kisha akamuuliza:

"Mayu, nani analala hapa?"

"Hapa? Mlinzi, akichoka."

"Analipa?"

"Alipe nini, mlinzi wangu mwenyewe?"

"Basi si hoteli. Ni chakula. Andika chakula, ulale salama."

Na kulikuwa na bwana mwenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Huyo alikuja mbele ya watu, amevaa miwani ya jua, akaegemea meza.

"Karani, niandikie mashine ya kusaga."

"Unasaga nini?"

"Nasaga."

"Nimekuuliza unasaga nini."

"Vitu, Karani. Vitu vya watu."

"Hivyo vitu mkeo akivisongea ugali, utakula?"

Kibaraza kizima kilicheka, mpaka wapakiaji wa viazi ng'ambo ya barabara wakauliza kuna nini. Bwana yule akaondoka amenuna, akaenda mji mwingine, akapata mjaza fomu mwenye haraka aliyemwandika msagaji wa nafaka, kwa kuwa leseni ya nafaka ni nyepesi. Haikupita muda mrefu akaja mkaguzi wa vyakula kumuuliza chekeche liko wapi na wasagaji wake wamepimwa lini afya. Akarudi kwa Karani na jogoo mkononi. Karani alimkataa jogoo, akamrekebishia fomu, na akamfanya asimame kwenye foleni kama wengine.

Sasa niambie. Mtu wa namna hiyo, ukimpa kazi yako, si unalala usingizi? Mimi nililala.

Alikuja kwangu kama alivyokwenda kwa wengine. Akakaa na kigoda chake, akaangalia turubai linakatwa, linakunjwa, linashonwa mshono wa mara mbili, ringi zinaingizwa. Mama Neema, fundi wangu mkubwa, alimkaribisha ajaribu cherehani, na Karani akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Angefunga daftari akaondoka, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini akauliza mipira inakwenda wapi.

"Mwakitolyo," nikasema. "Kuna shimo linasubiri huu."

"Nataka nione."

Tukaenda kwa pikipiki mbili, ya kwangu imebeba mpira umeviringishwa kama godoro. Tulipofika, vijana wakaufunga kwenye feni, wakaushusha taratibu, wakawasha. Turubai likatikisika, likajaa, likasimama limetuna kama tumbo la ng'ombe aliyetoka malishoni. Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo yangu, naangalia mshono kama unavuja. Nilipogeuka nikamwona Karani amevua kofia.

Njiani wakati wa kurudi tulisimama kwa sababu ya pancha, ndipo akanisimulia. Enzi za ukarani wake aliwahi kutumwa kuhesabu wachimbaji, na kwa kuwa yeye ni yeye, hakukubali kuhesabu kwa kuambiwa. Akashuka shimoni kuwaona. Kule chini mshumaa wao ukaanza kufifia. Akaona wanaume wanatazamana. Kilichofuata alihadithiwa tu: walimfunga kamba kwapani, wakampandisha kama ndoo. Alizindukia juu, daftari liko kifuani, hesabu haijakamilika.

"Haijakamilika mpaka leo," akasema, akapangusa miwani. Hakuirudia tena hadithi hiyo, na mimi sikuiuliza.

Kesho yake akaniita mezani, akageuza karatasi nione. Sifuri, tisa, tisa, sifuri. Huduma saidizi za uchimbaji.

"Karani," nikamwambia, "mimi nashona."

"Hii si nguo, Mama Doto. Hii ni hewa. Toa mpira huo, uchimbaji unasimama. Kwa hiyo ni sehemu ya uchimbaji."

"Na wakivua viatu, uchimbaji si unasimama? Fundi viatu naye ni mchimbaji?"

"Usinichekeshe, mayu, nina watu."

Hapa lazima niseme na langu, kwa sababu nahesabu pande zote mbili. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilipoliona neno "uchimbaji" kwenye karatasi yangu, moyo ulinipiga vizuri. Nilijiona kwenye orodha ya wanaouzia mgodi mkubwa, nimevaa koti la kung'aa, naitwa "mzabuni". Mimi ninayebishana na muuza nyanya mpaka anaomba Mungu amchukue, siku hiyo sikubisha zaidi ya mara moja. Tarakimu zilinukia dhahabu, nikazitia mkobani.

Kwa hiyo kosa lilikuwa letu wawili. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na orodha.

Na alikuwa na kitu kingine zaidi. Alikuwa na simu.

Kuandikisha kwa mtandao kunataka barua pepe na namba ya simu ya mwenye biashara, na kila ukitaka kuingia, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye simu hiyo. Karani hakuweka za wenye biashara. Aliweka zake, kwa kila mtu. Ukimuuliza, alikujibu kama daktari anayemjibu mgonjwa msumbufu: "Nyinyi mnapoteza laini kama vifungo. Mwaka kesho nitakutafuta wapi?" Paswedi za watu wote aliziandika kwenye kaunta buku moja, kila jina limepigiwa mstari. Simu yenyewe ilikaa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa kwa mpira wa kufungia noti, vyote ndani ya mfuko wa shati. Nusu ya biashara za Segese zilikuwa zinaishi ndani ya shati lile. Hakuiba hata moja. Hakumtisha mtu, hakuomba kitu kwa ajili ya kuzitunza. Alizitunza tu, kama vile sisi wenyewe tusingeweza. Sijui kama wizi usingekuwa nafuu. Mwizi unaweza kumpigia kelele watu wakatoka.

Na yeye je, yeye mwenyewe aliandikishwaje? Nilikuja kujua baadaye, kwa kusoma cheti kilichobandikwa nyuma ya kiti chake, ambacho wateja wote tulikiona na hakuna aliyekisoma. Muuza vifaa vya ofisi. Mtu ambaye hajawahi kuuza hata kifutio. Nilimuuliza.

"Mimi ni tofauti," akasema.

"Tofauti kivipi?"

"Kazi yangu haimo kwenye orodha."

Aliyesema hivyo ni mtu aliyewaambia watu wote, miaka yote, kwamba hakuna kazi isiyokuwemo kwenye orodha.

Miaka mitatu ilipita bila mtu kunisumbua. Kisha akaja afisa biashara mpya, dada mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi na jalada lenye karatasi zangu. Aliingia akaamkia, akakaa, akafungua.

"Mama, stoo ya baruti iko wapi?"

"Ya nini?"

"Baruti. Na mpango wa usalama wa mashimo. Na vyeti vya waendesha mitambo."

Mama Neema alisimamisha cherehani. Wote tukatazama kule alikotazama afisa, yaani kwenye kabati, ambako kulikuwa na uzi.

"Dada yangu," nikasema, "hapa cha kulipuka ni mimi peke yangu."

Alicheka, nampa haki yake. Lakini aliandika. Leseni yangu ilikatwa kwa huduma za migodini na mimi sina hata kitu kimoja kinachotakiwa kwa huduma za migodini. Na kama nashona, basi sina leseni ya kushona. Kwa njia yoyote utakayohesabu, na nilihesabu kwa njia zote mbili, sikuwa na leseni. Akabandika karatasi mlangoni. Siku thelathini nirekebishe usajili, la sivyo leseni inafutwa na chumba, ambacho ni cha soko, anapewa mwingine. Cherehani zikabaki ndani. Tukaazima mbili, tukahamia barazani kwangu kushona mapazia, wanawake watano tumebanana, majirani wakiuliza kama kuna harusi.

Nilikwenda kwa Karani siku hiyo hiyo. Nilidhani ni kazi ya robo saa.

"Sibadilishi," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya, nikamweleza upya, tangu mwanzo, polepole.

"Nimekusikia mara ya kwanza. Tarakimu ni sahihi. Afisa ndiye hajui anachokagua. Mlete aone shimo."

"Karani, nimefungiwa."

"Nikibadilisha yako, nimekubali kwamba niliiambia serikali uongo. Halafu watakuja wa pampu, watakuja wa kamba, watakuja wa taa. Nimewaandika hivyo wote."

"Si ndiyo vizuri? Warekebishe wote."

Akachukua rula, akapiga mstari chini ya kitu ambacho tayari kilikuwa na mstari.

Njia nyingine ilikuwepo. Nilipiga simu ya huduma kwa wateja, nikaambiwa kwa sauti tamu niingie kwa barua pepe na simu zilizotumika kusajili. Kama sina, nilete kiapo, barua, nakala, picha, kisha nisubiri. Kusubiri kwenyewe kulikuwa kurefu kuliko siku zangu. Kwa hiyo kwa wiki mbili nilikuwa nikienda mezani kwake kila asubuhi kama mtu anayekwenda hospitali kusafishwa kidonda. Nilimbembeleza. Nilimletea Mama Neema, ambaye alimlilia. Nilimtukana, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mbele ya bodaboda wote, na wao wakanipa moyo. Kila mara nilianza na shikamoo, kwa sababu nimelelewa, na kila mara aliitikia marahaba, kwa sababu naye amelelewa, kisha tunaendelea.

Wiki ya tatu nilikuta meza tupu. Miguu ilikuwa imemvimba, mwenye steshenari akaniambia, na binti yake alikuja kumchukua, amempeleka kwake Ushirombo. Kaunta buku kaondoka nalo. Simu kaondoka nayo. Nilisimama pale nikitazama alama nne za miguu ya meza kwenye sakafu, nikafikiria watu wote wa mji huu ambao hawajui kwamba biashara zao zimesafiri.

Siku ya ishirini na nane nilipanda basi.

Nyumba ya binti yake ina uwanja uliofagiliwa na karanga zimeanikwa juu ya turubai, turubai zuri, la uzito wa katikati. Nililigusa kabla sijabisha hodi. Binti alinitazama mkoba.

"Mama, na wewe umekuja kwa ajili ya namba?"

"Wapo wengine waliokuja?"

"Wewe ni wa tano."

Karani alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya gunia la pumba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote. Miguu ilikuwa imevimba kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nimeamini nusu tu.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, Mama Doto. Umekonda."

"Nimefungiwa."

"Nilisikia. Wamekosea."

"Akina nani?"

"Waliofunga."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu basini, na niliyapanga kama ninavyopanga bei: ya kwanza ya kukataliwa, ya pili ya kukataliwa, ya tatu ndiyo yenyewe. Nikaanza na haki. Nikamwambia tarakimu zinafuata kitu mtu anachokifanya kwa mikono yake, si mahali kinapokwenda kikishanunuliwa, na kwamba yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Akasema ndiyo, na akasema hapana. Nikaja na hasira. Nikamwambia wanawake wanne wanakula mapazia, na mapazia hayaliki. Akasema amesikitika, na nadhani alisikitika, lakini mkono haukwenda mfukoni.

Ya tatu nilikuwa nimeificha. Naisema hapa bila kujisifu.

"Lile shimo la Mwakitolyo tulilokwenda wote," nikasema. "Ule mpira umechakaa. Umechanika sehemu tatu. Waliniletea niukague, nikahesabu mara mbili, ni tatu. Mwenye shimo aliagiza mpya wiki ile ile niliyofungiwa. Sasa wameziba kwa mfuko wa mbolea na gundi."

"Wanashuka?"

"Wanashuka."

"Zamu ngapi?"

"Mbili."

"Mfuko wa mbolea," akasema.

"Wa mbolea."

Ilikuwa kweli tupu, kila neno. Lakini nililijua hilo la shimo tangu siku ya kwanza ya kufungiwa, na nililiweka akiba siku ishirini na nane kama bei ya mwisho, nikitumaini nitashinda bila kulitoa. Nadhani Karani alilijua na hilo.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akavua mpira wa noti, akavua nailoni.

"Uelewe kitu kimoja," akasema. "Sibadilishi kwa sababu nilikosea."

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema."

"Nataka kufungua karakana, mzee."

Binti akaleta kaunta buku. Paswedi yangu, ambayo sikuwahi kuiona, ilikuwa na herufi kumi na sita. Niliiandika kwenye simu yangu nikimsikiliza anavyoisoma, herufi moja moja. Namba ya uthibitisho ikaingia kwenye simu yake. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma. Ukurasa ukafunguka. Nikaliona jina langu, na chini yake zile sifuri mbili zenye tisa mbili katikati.

"Futa," akasema. "Sasa shuka mpaka viwanda. Nguo. Soma."

"Utengenezaji wa bidhaa za nguo zilizoshonwa, isipokuwa mavazi."

"Ndani yake kuna mahema na maturubai. Moja, tatu, tisa, mbili. Kwangu ni ukurasa wa kumi na nane."

Kidole changu kiligoma juu ya kioo.

"Ulikuwa unaujua?"

"Naijua orodha nzima, Mama Doto."

Nilipumua mara mbili. Nikabonyeza. Kisha, kabla hajairudisha simu kwenye nailoni, nikaenda mahali pengine kwenye ukurasa ule na namba nyingine ikaingia kwake. Akaanza kuisoma: nne, saba, moja.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuhamisha simu. Iwe yangu."

"Na ukipoteza laini?"

"Nitakuwa nimepoteza mimi."

Kuku alipita akadonoa karanga, binti akamfukuza. Karani akaitazama ile simu, kisha akazisoma tarakimu tatu zilizobaki, polepole, kwa sauti ile ile aliyosomea za kwanza. Ujumbe uliofuata haukuingia kwake. Uliingia kwangu, mkononi, ukatetemeka.

Akavuta kaunta buku, akaomba rula, akalifuta jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka na kunitaka nisaini pembeni. Nikasaini. Nikasubiri. Nilimpa muda wa kusema pole, nikampa na wa pili. Akaniuliza kama nimekula.

Nilimpigia afisa biashara, nikamtumia cheti kipya. Akasema kesho atapita kukata leseni ya ushonaji, lakini karatasi ya mlangoni tuibandue, tufungue. Nikampigia Mama Neema. Mtandao ulikuwa dhaifu, nikaweka spika.

"Mama Neema, bandueni. Fungueni."

Upande wa pili nilisikia vigelegele, na kiti kikianguka.

"Na mapazia je?" Mama Neema akauliza. "Yamebaki manne, na mwenyewe anayataka leo."

Nilifungua mdomo. Karani alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea ukuta.

"Mwambie mapazia yasubiri," akasema. "Waanze na mpira wa Mwakitolyo. Na ringi wazisogeze karibu karibu. Ule wa kwanza waliziachanisha mno."

"Huyo ni nani?" Mama Neema akauliza.

Hasira ikanipanda upya, mbichi kabisa, kama ya siku ya kwanza, kwa sababu mapazia yasubiri ndiyo maneno niliyokuwa nimeyafungulia mdomo, na ringi kweli tuliziachanisha mno.

"Fanyeni hivyo," nikasema.